Mgiriki wa Alhamisi

Mama yangu alianza kujifunza Kiingereza akiwa na miaka sitini na mbili, kwa kamusi aliyoinunua kwa kilo.

Wakati huo mifuko ya plastiki ilikuwa imeshapigwa marufuku, na kila mwenye duka Kariakoo alikuwa anahangaika kutafuta karatasi za kufungia vitu. Mama alikuwa na duka la kamba na magunia, alilolianzisha na baba walipoteremka kutoka Kilimanjaro, kabla mimi sijazaliwa. Baba alipofariki alibaki nalo peke yake. Kamba haihitaji mfuko, lakini sindano za kushonea magunia, kulabu na vibunda vya uzi vinahitaji, kwa hiyo alikuwa ananunua magazeti na vitabu chakavu kwa wale wanaopita na mizani begani. Ndani ya furushi moja ikatokea kamusi nene ya Kiingereza, haina jalada, kurasa zake zimegeuka rangi ya chai.

Alichana ukurasa wa kwanza na wa pili akafungia sindano. Wa tatu ukamshinda. Aliniambia baadaye kwamba aliona kama dhambi, mtu akae akusanye maneno ya taifa zima halafu yeye ayafungie kulabu. Akaiweka chini ya kaunta, na mchana biashara ikipoa, akawa anaitoa na kuisoma.

Alikuwa na sababu yake, ambayo hakunieleza, na mimi sikuuliza. Wanangu wawili walikuwa wanasoma shule ya Kiingereza. Jumapili tukienda kwa bibi yao Magomeni walikuwa wanazungumza wao kwa wao, na mimi naitikia kwa lugha hiyohiyo bila kufikiri, kwa sababu ndiyo niliyokuwa naitumia kutwa ofisini. Mama alikuwa anapakua chakula, kisha anakaa katikati yetu akitabasamu, akimwangalia kila anayefungua mdomo. Siku moja aliniuliza watoto wamecheka nini. Nikamjibu, "Ah, mama, mambo ya kitoto tu." Sikumbuki kama niliwahi kumtafsiria hata mara moja.

Akaanza kunipigia simu kazini. Nilikuwa naandika barua za wafanyakazi katika ofisi moja pale Posta, barua za kuajiri na za kuonya na za kuachisha, zote kwa Kiingereza. Simu ikilia najua ni yeye ana neno. Shida ni kwamba maneno aliyoyapenda yalikuwa ya ajabu, ya zamani, marefu, ambayo mimi mwenye digrii sikuwahi kuyaona. Alikuwa ananisomea herufi mojamoja. Nikawa namwambia, "Mama, hilo hakuna anayelitumia. Hata Waingereza wenyewe hawalijui." Naye anajibu, bila kugomba, "Lakini limeandikwa." Baada ya wiki chache nikaanza kuiacha simu iite mpaka ikatike.

Ndipo akampata Mgiriki.

Alikuwa mteja. Mzee mrefu, mkavu, shati jeupe la mikono mirefu na kofia ya ukili, anaishi Upanga peke yake tangu mke wake alipofariki. Alizaliwa Tanga, baba yake akiwa msimamizi kwenye shamba la mkonge, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Kazi yake ya uzeeni ilikuwa kusuka upya viti vya zamani, na kila Alhamisi alikuja kununua uzi wa katani. Hakuwa na simu ya mkononi. Alisema masikio yake hayaelewani nazo. Jirani yetu wa duka la mbele, mama mmoja wa Lindi aliyekuwa anauza mabeseni, alimwita Babu Mgiriki, naye akaitika.

Alhamisi moja alikuta kamusi imefunguliwa juu ya kaunta. Mama akamwonyesha kitu kilichokuwa kikimsumbua. Baada ya maneno mengi kulikuwa na mabano, na ndani ya mabano kuna herufi kama zilizovunjikavunjika. Ni za nini? Yule mzee akavaa miwani, akainama, akacheka kwa sauti. Zilikuwa herufi za kwao. Akamweleza mama kwamba Waingereza waliyachukua yale maneno kwa Wagiriki, wakayakata huku na huku yakae vizuri mdomoni mwao, na kwenye mabano wameandika walikoyatoa. Mama akamvutia stuli.

Tangu hapo kila Alhamisi ikawa na neno. Mara moja niliwakuta mwenyewe, siku niliyokuwa likizo. Nilisimama pembeni ya marobota ya magunia, nao walikuwa kwenye neno "xenodochium". Mzee alisema ni neno la Kiingereza cha zamani, maana yake nyumba ya kupokelea wageni, na kwamba kwao mpaka leo hoteli huitwa hivyo, tofauti ni ndogo tu. Akaligawa mara mbili. Sehemu ya pili ni kupokea. Ya kwanza ni "xenos", na hapo akasita, akasema neno hilo Waingereza huwatesa, kwa sababu ni mtu usiyemjua, na papo hapo ni mtu unayempikia.

Mama akapiga kaunta kwa kiganja. "Mbona ni mgeni tu," alisema. "Mgeni ni mgeni. Kwani ninyi mnayo mawili?"

"Hatuna," akasema mzee. "Tunalo moja, kama ninyi."

Siku hiyohiyo akamwambia kwamba dukani mwake mna Kigiriki tele. Karatasi anazofungia, kalamu iliyoko sikioni mwake, hata kanuni za Serikali za Mitaa zilizobandikwa ukutani, maneno yote matatu yalitoka kwa Wagiriki yakaenda kwa Waarabu, na Waarabu wakayashusha pwani. Kalamu ilikuwa tete, ule unyasi wa mtoni. Kanuni ilikuwa fimbo ya kupimia. Mama alitoka mpaka barazani, akapita katikati ya wamachinga na mkokoteni uliojaa mchele, kwenda kumwambia mama wa mabeseni. Yule alijibu kwamba basi na yeye ni Mgiriki miaka yote, na hakuna aliyemwambia.

Kuna neno moja mama alilifungua mwenyewe. Lilikuwa "eleemosynary", na hata mimi sikuweza kulitamka. Maana yake ni jambo la sadaka, msaada unaotolewa kwa huruma. Mzee alipomsomea Kigiriki chake polepole, mama alimzuia kwa mkono. Utotoni kule mlimani, misioni, waliimba misa kwa Kilatini, na katikati ya Kilatini kulikuwa na Kyrie eleison, Bwana utuhurumie. Akamwuliza kama hiyo eleison siyo hiyo iliyokaa mwanzoni mwa neno. Mama alinisimulia kwamba mzee alivua miwani, akaifuta muda mrefu kwa ncha ya shati lake. Akamwambia ndiyo hiyo, na kwamba hakutegemea kukutana na mtu wa kuliona hilo bila kuonyeshwa.

Jioni hiyo alinipigia simu kunieleza. Nilikuwa kwenye foleni ya magari. Nikamwambia, "Sawa, mama, tutaongea."

Aliwahi pia kunipa jina. Alisema wamepata neno langu, "agelast", mtu asiyecheka. Kiherufi cha mwanzo kinakataa, na kinachofuata ni kucheka. Alikuwa ananitania, naye hakuwa mtu wa utani mwingi. Nilichukia. Akasubiri kwenye simu, kisha akasema, "Umeona? Hata sasa hujacheka."

Shangazi yangu ndiye aliyenipigia kuhusu mzungu. Dada mkubwa wa baba, naye anaishi Magomeni, mitaa miwili kutoka kwa mama. Aliniuliza kama nina habari kwamba mama yangu kila Alhamisi humvutia stuli mzungu wakasomeana vitabu mpaka saa kumi. Akasema kwenye kikao cha chama cha watu wa nyumbani kuna waliouliza kama mdogo wake amesahaulika mapema hivyo. Baba alikuwa na miaka sita kaburini. Nilijibu kwamba yule ni mteja. Shangazi akasema wateja hununua wakaondoka.

Ningeweza kumjibu. Nilikuwa nimewaona kwa macho yangu, kaunta katikati yao, kamusi juu ya kaunta, mlango wa duka wazi na Kariakoo nzima inapita. Lakini sikufikiria nilichokiona. Nilifikiria mama mkwe wangu ataambiwa nini na nani. Na nikisema ukweli wote, kulikuwa na kitu kingine chini yake. Yale maneno mama alikuwa ameyaleta kwangu kwanza.

Alhamisi iliyofuata niliomba ruhusa kazini. Nilisimama kwenye kona ambapo lazima mzee apite, mbele ya duka la vitenge, na nilipoiona kofia yake juu ya vichwa vya watu nikamfuata. Nilizungumza naye kwa Kiingereza, ili wapita njia wasinielewe. Nilitumia lugha ya barua zangu. Nilimshukuru kwa wema wake, nikamweleza kwamba familia ina wasiwasi, kwamba mama ni mjane na ana jina la kulinda, na kwamba ingekuwa bora kwa pande zote kama uzi wake angeutafuta duka jingine.

Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha sikio la kulia. Akajibu kwa Kiswahili.

"Nimekuelewa, mwanangu. Mama yako ni mtu wa heshima, sitaki achafuke kwa ajili yangu." Akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Basi mpe hii. Ni ya leo."

Akageuka. Mbeba mizigo mmoja alimpigia kelele apishe njia, naye akapisha, akaenda zake ameshika kofia.

Niliisoma palepale. Mwandiko wake ulikuwa umesimama wima kama wa kitabuni. Juu aliandika "opsimath", chini yake herufi za kwao, halafu Kiswahili: anayejifunza akiwa amechelewa, uzeeni. Akaongeza kwamba wazee wa kwao walilisema kwa kumcheka mtu, lakini yeye analisema kwa heshima, na kwamba na yeye ni mmoja wao, kwa kuwa kusuka viti alijifunza akiwa na miaka sabini.

Sikumpa mama. Ningempaje bila kumwambia nimeipata wapi? Niliiweka kwenye droo ya ofisini, nikajiambia nitaona. Ofisi ilipohamia jengo jipya, droo zilimwagwa kwenye maboksi na watu wa kuhamisha, na karatasi ile sijaiona tena.

Mama alimngoja. Alhamisi ya kwanza alidhani mvua. Ya tatu akamwuliza mama wa mabeseni kama hajapita. Ya tano akanipigia simu, na safari hii nilipokea. Aliniomba, kwa kuwa mimi natembea mjini na najua kuulizia, nipite Upanga nitazame kama mzee yule haumwi. "Mtu mzima anaishi peke yake," alisema. "Anaweza kuanguka asijulikane."

Nikamwambia nitakwenda. Sikwenda. Baada ya siku tatu nikamwambia nimeulizia, na majirani wamesema amehamia Ugiriki kwa ndugu zake.

"Hata kuniaga?" akasema.

Nikasema labda ilikuwa ghafla. Aliniuliza watoto hawajambo, nikasema hawajambo, tukaagana.

Mwezi uliofuata nilipita dukani Jumamosi. Kulikuwa na kijana ananunua sindano. Mama aliinama chini ya kaunta, nikasikia sauti ya karatasi inachanika, akainuka na ukurasa wa kamusi, akazifunga sindano vizuri, akakunja ncha ndani kama alivyozoea. Nilimwuliza mbona anaichana. Alisema karatasi imepanda bei. Alisema hivyo akitafuta chenji, wala hakuniangalia. Kamusi ilikuwa imeshabaki nusu. Nilisimama pale nikamwona yule kijana anaondoka na ukurasa wake, na ningeweza kusema wakati ule. Nilikuwa na nafasi. Niliomba maji ya kunywa.

Ilipita miaka miwili. Macho ya mama yakaanza kuingia ukungu, na mama wa mabeseni akampeleka kliniki, kwa sababu siku hiyo mimi nilikuwa na kikao. Kwenye benchi la kusubiri alikuwepo Mgiriki, jicho moja limefungwa bandeji.

Mama aliniambia Jumapili, nyumbani kwake, tumetoka kanisani. Watoto walikuwa sebuleni kwenye televisheni. Yeye alikuwa uani anamenya ndizi za kupika na nyama, mikono ameipaka mafuta utomvu usimgande, na mimi nimekaa kwenye kigoda mbele yake. Alisimulia taratibu. Wamesalimiana, wameulizana macho. Akamwuliza amerudi lini kutoka kwao. Mzee alitazama chini, halafu akasema hakusafiri, aliumwa kidogo.

"Hakunieleza kitu," mama alisema. "Usidhani amekusema. Lakini mtu ninayeambiwa amehama, na yeye anasema aliumwa, mmoja kati yenu ananificha."

Nikamwambia yote. Shangazi, kona ya duka la vitenge, karatasi, Upanga ambako sikwenda. Alimenya ndizi tatu nikiwa nasema. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu.

"Ulimwambia kwa lugha gani?"

"Kwa Kiingereza, mama."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyetajiwa bei na kuikubali. "Basi hata ningekuwepo nisingekuelewa," alisema.

Alichukua ndizi nyingine. Nililia, naye akaniambia nikanawe uso, watoto wasije wakaniona. Chakula kilipoiva tulikula wote, na hakuniongezea neno, siku hiyo wala baadaye. Nilijiandaa kugombezwa kwa wiki kadhaa. Ingekuwa nafuu kwangu.

Alitaka kwenda Upanga, nikawa nampeleka. Mara ya kwanza niliingia naye. Nyumba ilikuwa na viti kila mahali, vingine vimebaki mbao tupu. Nikamwamkia mzee, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na nikaanza kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Akaweka kiganja nyuma ya sikio, akasema siku hizi hasikii vizuri, labda upande ule kuna upepo. Hakukuwa na upepo. Sikuweza kuyasema kwa sauti ya juu mbele ya mama, nikayameza.

Kamusi ilikuwa imekwisha wakati huo, na hata kama ingekuwepo, hakuna kati yao aliyekuwa na macho ya kuisoma. Walizungumza habari za Tanga na za mlimani, na baridi ya huko wakati wao. Alhamisi tatu au nne hivi. Kisha mpwa wake akaja kutoka Ugiriki kumchukua, kweli safari hii.

Siku ya kumuaga nilisimamisha gari chini ya jengo, nikazima, nikafungua mlango wangu nishuke. Mama alikuwa ameshashuka upande wake, amevaa kitenge cha sikukuu, na kikapu cha ndizi mkononi.

"Wewe nisubiri hapa," alisema.

Nilisubiri saa nzima na zaidi. Aliporudi alifunga mkanda, akaniambia tupitie dukani maana mzigo wa magunia unaingia saa tisa. Waliongea nini mpaka leo sijui.

Mwaka jana niliipata kamusi nyingine kwa wauza vitabu vya mitumba wa barabarani, ya zamani, yenye mabano na herufi zake zote. Mama alikuwa ameshafanyiwa upasuaji na anaona vizuri. Alinishukuru sana, akaifuta vumbi, akaiweka juu kwenye rafu ya nyuzi. Ipo hapo mpaka sasa.

Kiingereza hakukiacha. Wajukuu zake wamekua, wamejifunza adabu ya kumtafsiria, na yeye siku hizi huwajibu kwa sentensi fupifupi, zilizonyooka. Likimshinda neno kwenye barua ya benki au maandishi ya dawa, huwauliza wao, na wasipokuwepo huvuka kwenda kwa mama wa mabeseni, ambaye Kiingereza chake hakizidi cha sokoni, wakalijadili wawili hao mpaka wapate la kukubaliana. Simu yangu huwa naiweka mezani sauti imefunguliwa. Hunipigia kuuliza watoto, kunipa habari za misiba na harusi, kunikumbusha nikanunue dawa ya presha. Neno haniulizi.